Siku Mjomba Alipoisikia Bendi

Kabla sijazaliwa, baba yangu, mjomba wangu na kinyozi wa jirani walianzisha bendi ndani ya gereji, na mpaka leo hawajapata sababu ya kutosha ya kuivunja. Inaitwa Ekzosi. Baba ni fundi magari, gereji ni yake, na yeye ndiye mpiga gitaa na mwimbaji. Mjomba, kaka yake mama, ni fundi wa kunyoosha bodi. Gari likigongwa huko barabarani linaletwa kwake, naye analigonga tena kwa ndani mpaka linyooke. Kutwa anapiga nyundo, Jumamosi alasiri anapiga ngoma, na sidhani kama mikono yake imewahi kutofautisha kazi hizo mbili. Baba humwita Shemeji, na kwa kuwa baba ana sauti kubwa, mtaa mzima nao ukamwita Shemeji, hata watu ambao hawajaoa kwetu wala hawana mpango huo.

Kinyozi anapiga gitaa la besi. Ni mpole, mwenye haya nyingi, na hupiga akiwa amewapa watu mgongo. Anajua noti nne. Niliwahi kumuuliza kwa nini asijifunze nyingine, akaniambia kwamba hizo nne hazijamkosea kitu.

Sasa, huo mlio wao. Amplifaya yao ya kwanza iliundwa na fundi redio kutokana na redio kuukuu iliyokuwa na ukubwa wa kabati. Haikumaliza wiki. Betri ya lori iliteleza juu ya rafu ikatua kwenye spika ikaitoboa. Baba akaiziba kwa kipande cha mpira wa tairi na gundi ya pancha, maana hivyo ndivyo anavyoziba kila kitu, hata bomba la jikoni. Tangu hapo ukigusa uzi mmoja wa gitaa ulisikia lori linapanda mlima na dereva hapatani na gia. Juu ya mngurumo huo baba aliimba kwa sauti yake ya kazini, ile ya kumwita mtu aliye chini ya gari. Mjomba naye aliingia kwa nguvu kama aliyekabidhiwa mlango uliobonyea. Nyimbo zao zilikuwa fupi kwa sababu hakuna aliyeweza kuvumilia zaidi, wao wenyewe wakiwemo.

Hawakuimba mapenzi. Waliimba yaliyowapata. Wimbo uliowatoa ulikuwa "Nirudishie Jeki Yangu", na haukuwa na fumbo lolote ndani yake. Jirani mmoja aliazima jeki ya baba akahama nayo. Baba alikasirika asubuhi, akatunga mchana, wakarekodi Jumamosi kwenye redio kaseti iliyowekwa juu ya boneti ya gari la mteja. Mjomba akaipeleka kaseti kituo cha redio. Wimbo ulipopigwa hewani, haikupita nusu dakika mtangazaji akaukata, akawaomba radhi wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo. Baba alikuwa amekaa na redio mapajani. Mama anasema aliizima, kisha akauliza kama hiyo hitilafu ni wao.

Lakini watu wakaanza kupiga simu kituoni. Walitaka kuisikia tena ile hitilafu. Kituo kikaurudisha wimbo jioni, safari hii mpaka mwisho, na vijana wakaupenda mno kwa kuwa waliamini jeki ni jina la siri la kitu kingine. Baba aliulizwa kila alikokwenda jeki ni nani. Alijibu kwamba ni jeki ya kunyanyulia gari, ya rangi nyekundu, na watu wakamsifu kwa kutunza siri.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri. Walipiga kwenye viwanja vya mpira, kwenye ufunguzi wa maduka ya tairi, na mara moja kwenye harusi ambayo bibi harusi ndiye aliyewaita na bwana harusi ndiye aliyewaondoa. Halafu ukaja wakati wa vinanda vya umeme na waimbaji wenye sauti kama asali ya moto, na Ekzosi wakasahauliwa. Bendi nyingine za umri wao zilivunjika kwa ugomvi, kwa ndoa, kwa kuokoka. Wao hawakuvunjika. Jumamosi ikifika gereji ilifungwa lango, kinyozi akavuka barabara na gitaa lake ndani ya mfuko wa taulo, na wakapiga. Mimi nilifanya kazi za shule katikati ya makelele hayo. Mpaka sasa nikiwa mahali pa utulivu siwezi kujumlisha.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kinapakana na gereji, wanagawana ukuta mmoja, na kwenye ukuta huo hajawahi kutundika kitu kwa kuwa hakikai. Wateja wake wa Jumamosi walijifunza kuonyesha vipimo kwa mikono.

Mwaka juzi mambo yakageuka. Binti mmoja wa chuo, ambaye sisi tulimwita Mwanafunzi, aliikuta kaseti ya Ekzosi kwenye sanduku la marehemu babu yake. Akairusha kwenye simu, ikasambaa. Mara gereji ikaanza kupata wageni wasio na magari. Walikuja wamevaa suruali zilizochanika magotini, wakakaa juu ya matairi, wakafumba macho kama wanaosali. Mama aliwaonea huruma akajitolea kuwawekea viraka bure, wakakataa kwa adabu. Baada ya muda ikaja barua ya mwaliko: onyesho la alasiri kwenye ukumbi wa manispaa, Ekzosi peke yao, watu wakiwa wameketi.

Na hapo ndipo masikio ya mjomba yalipoingia katika habari hii.

Sote tulijua hasikii vizuri. Miaka yote ya kugonga mabati ilikuwa imemla taratibu. Mkewe akimwomba mkaa alileta mkasi. Ukimsalimia alikujibu kwamba ndiyo, imenyesha kidogo. Kwenye bendi haikuwa shida, kwa sababu hakuwa akiwafuata wenzake, wao ndio waliomfuata yeye. Lakini siku moja alivuka barabara bila kuisikia pikipiki ikimpigia honi, ikambakishia uhai na kumchukulia kiatu. Mkewe akalia. Mimi nikamshika mkono nikampeleka kwa mtaalamu wa masikio, na baada ya vipimo akavishwa vidude viwili vidogo, kimoja kila upande.

Siku za kwanza alikuwa kama mtoto. Alifungua na kufunga droo. Alituambia kwamba friji linaimba. Aligundua pia kwamba mkewe, ambaye alimdhania mtu wa maneno machache, humjibu kila kitu kwa sauti ya chini akiwa amempa kisogo, na kwamba majibu hayo amekuwa akiyatoa tangu zamani. Alihuzunika kidogo, kisha akaanza kuyajibu, na mkewe akashtuka nusura aangushe sufuria.

Jumamosi ikafika. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya basi dogo. Mjomba alikaa nyuma ya ngoma zake amevaa shati safi, kama mtu anayekwenda kupokewa. Baba akaanza "Nirudishie Jeki Yangu". Baada ya mistari miwili mjomba akasimamisha mikono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Baba akaitazama amplifaya, akamwambia hapana, iko salama. Wakaanza tena. Mjomba akasimama tena. Safari hii alimtazama baba.

"Shemeji," akasema, "tunapiga hivi tangu lini?"

Baba akafikiri. "Tangu mwanzo."

Mjomba akaviweka vijiti vyake juu ya kigoda, akainuka, akatoka. Kinyozi, ambaye alikuwa ameelekea ukutani kama kawaida, aliendelea kupiga noti zake nne mpaka nilipomgusa bega.

Mjomba alikwenda moja kwa moja kwa mama, akakaa kwenye benchi la wateja. Mimi nilimfuata. Alimweleza mama kwamba miaka yote hiyo, ndani ya kichwa chake, alikuwa katika bendi nyingine kabisa. Alipokuwa kijana, masikio yakiwa bado mazima, alijua kwamba hawajui kupiga, lakini alitegemea kwamba wanajifunza. Kadiri usikivu ulivyopungua ndivyo bendi ilivyozidi kuwa nzuri. Gitaa la baba lilikuwa limelainika. Besi ya kinyozi ilikuwa imenona. Amewaambia watu kwamba wanapiga vizuri. Amewaambia wakwe zake. Na kibaya kuliko vyote, amejisikia mwenyewe: kila ubeti wa pili anachelewa, anaburuza miguu kama mtu aliyetumwa asikotaka.

Mama hakuacha kushona.

"Wewe umewasikia alasiri moja, umekimbia," akamwambia. "Mimi nimewasikia tangu sijazaa, tena kwa masikio mazima."

"Umewezaje, mdogo wangu?"

Mama akakata uzi kwa meno, akalikunja vazi. Akasema mwanzoni alidhani wataacha. Halafu kuna Jumamosi moja baba aliugua koo, bendi haikupiga, na jioni ile mumewe akawa na adabu ya kutisha. Akashukuru kwa chakula. Akauliza kama anaweza kufungua dirisha la nyumba yake mwenyewe. Nyumba ikawa kama ya kupanga. Kuanzia siku hiyo, akasema mama, akisikia mngurumo ukutani anajua mumewe yupo.

Mjomba alimsikiliza, akashukuru, na kuondoka na nusu tu ya maneno hayo. Yeye ni mtu wa kunyoosha. Huwezi kumwonyesha kilichopinda ukategemea atakiacha. Jumatatu alirudi gereji akamwambia baba kwamba ataendelea na bendi kwa sharti moja: wataitengeneza, na wataitengeneza kabla ya onyesho. Baba, ambaye angekubali kukatwa kidole kuliko kutafuta mpiga ngoma mwingine, akakubali.

Wakaleta spika mpya. Wakamwita mwalimu wa kwaya awasaidie kukaza nyuzi. Yule mwalimu alikuwa mtu mstaarabu, amevaa sweta, na alitumia siku nzima kutafuta baba amekuwa akilinganisha gitaa lake na nini. Mwishowe mashine ya kujazia upepo ikajiwasha yenyewe pale pembeni, mwalimu akainua kichwa, na wote wakaelewa. Baba hakuona aibu. Alisema mashine hiyo haijawahi kubadilisha sauti tangu ainunue, ni vyombo vingapi vya muziki vinavyoweza kujisifia hivyo.

Basi wakanyooshwa. Baba alifundishwa kuimba bila kumwita mtu. Kinyozi alionyeshwa noti ya tano, akaitazama kwa heshima, akaomba asilazimishwe. Mjomba alifungiwa kitambaa kwenye vijiti ili asipige kwa nguvu, na alikuwa wa kwanza kulipenda jambo hilo. Kila wimbo ulipokwisha alitikisa kichwa kwa kuridhika, akivigusa vidude vyake masikioni.

Upande wa pili wa ukuta mama akaanza kukosea. Alishona mkono wa shati mahali pa shingo. Alisema cherehani lake limezoea kushindana na kitu, na sasa linakwenda ovyo kama punda asiye na mzigo. Wateja walimuuliza kama gereji imehama. Wiki moja kabla ya onyesho Mwanafunzi alikuja na simu yake kuwarekodi. Walipiga nyimbo nne mfululizo, safi, bila kukosea. Aliwasikiliza amekaa juu ya tairi, mikono mapajani. Zilipokwisha akauliza kwa upole wanaanza saa ngapi.

Mjomba alisema watoto wa siku hizi masikio yao yameharibiwa na simu.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wazee waliowahi kucheza muziki wa Ekzosi viwanjani, wengine na fimbo zao. Nyuma walikaa wale wa suruali zilizochanika. Mama alivaa gauni aliloshona mwenyewe, akakaa pembeni yangu, na mke wa mjomba akakaa upande wa pili akinong'ona mambo ambayo sasa alikuwa na uhakika kwamba yanasikika. Baba alitoka na koti. Kinyozi akaelekea pazia. Wakaanza.

Walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Kila noti ilikuja kwa wakati wake, ikavua viatu, ikaketi. Wimbo wa kwanza ulipokwisha watu walipiga makofi kama yale ya kumshukuru mgeni rasmi kwa hotuba yake. Wa pili, makofi yakapungua. Mzee mmoja safu ya mbele akalala, na haikuwa kwa ugonjwa.

Baadaye mjomba alitueleza alichokisikia pale juu. Vidude vyake vilikuwa vipya na makini, na ukumbi ulikuwa kimya, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alimsikia mtu akifungua pipi. Alisikia kiti kikilia. Na alimsikia mwanamke wa safu ya tatu akimwambia mwenzake kwamba ni wazuri tu. Hilo "tu" lilimchoma. Alisema katika maisha yake amefukuzwa harusini, amerushiwa ndizi, amekatwa hewani na kuombewa radhi, lakini hakuna siku iliyowahi kuishia kwenye "tu".

Akamwangalia baba. Baba alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, mikono imekaa vizuri kwenye gitaa, uso wake kama wa mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Shemeji," mjomba akaita, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa karibu, ukumbi mzima tulisikia. "Unajisikiaje?"

Baba akageuka. Baba ni mtu mkweli.

"Kama nimevaa viatu vya mtu."

"Vinabana?"

"Hapana. Vinapwaya."

Mjomba akavuta pumzi, akafungua vitambaa kwenye vijiti vyake, akavitia mfukoni. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Akagonga vijiti mara chache kuwapa wenzake mwendo, na haukuwa mwendo waliofundishwa. Ulikuwa ule wa gereji, wa mtu aliyechelewa na bado ana milango miwili ya kunyoosha. Nilimwona baba akitabasamu hata magego yakaonekana. Akavua koti, akazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma, akaupiga uzi wa juu kwa nguvu ukalegea palepale.

Fundi mitambo wa ukumbi alitoka mbio pembeni kuja kupunguza sauti. Ndipo kinyozi, ambaye hakuna mtu hadharani aliyewahi kumwona uso akiwa kazini, akageuka. Alimtazama tu yule fundi, akatikisa kichwa taratibu, kama anavyomtikisia mteja anayejaribu kuinuka kabla hajamaliza kunyolewa. Fundi akarudi alikotoka.

Mlio wenyewe haukuwa ule wa kaseti. Spika ilikuwa mpya, ukumbi ulikuwa mkubwa, na wao walikuwa wazee. Ulikuwa mbaya kwa namna nyingine, mpana zaidi, kama magari mengi yamewashwa pamoja na moja lina kitu kimelegea. Wazee wa mbele wakainuka. Yule aliyelala aliamka ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, akatazama kulia na kushoto, akaanza kucheza kabla hajajua yuko wapi. Vijana wakaruka juu ya viti wakasonga mbele. Baba akaimba kama anamwita mtu aliye chini ya basi. Mama alikuwa amekunja mikono, anatazama jukwaa kwa uso ule ule anaoutumia kukagua mshono, na mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu kana kwamba cherehani liko pale.

Nilimwangalia mjomba. Nilidhani ataving'oa vidude, maana kwa makelele yale hata mimi nilitamani kung'oa masikio yangu. Hakuving'oa. Alipiga akiwa amefumbua macho, jasho linamtiririka, anamsikiliza mmoja baada ya mwingine. Ubeti wa pili ulipofika akachelewa. Nilimwona akijisikia anachelewa. Akacheka peke yake, kwa sauti, na wenzake wakamsubiri kama walivyomsubiri maisha yao yote.

Walipomaliza nilimfuata nyuma ya pazia, nikamuuliza amesikiaje.

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana. Baba yako anaimba wimbo mmoja, kinyozi yuko kwenye mwingine." Akajifuta uso kwa vile vitambaa vya vijiti. "Na mimi nachelewa, mjomba. Sijui kwa nini hamkuniambia."

Nikamwambia tulimwambia, hakusikia.

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, aliondoka bila kutuaga, na baba akasononeka akidhani wamemvunjia heshima. Jumamosi iliyofuata akaja gereji. Alikuwa amevua sweta. Akazunguka zunguka, akasifia mashine ya upepo, kisha akauliza kama kwenye kiitikio kuna nafasi ya mtu mmoja wa kupiga kelele, ilimradi habari isifike kwa wanakwaya wake. Wakampa. Ana sauti nzuri sana, lakini wanaivumilia.

Mjomba sasa ndiye mkorofi wa bendi. Anasikia kila kosa na analisema palepale. Kinyozi akigusa uzi usiohusika anaulizwa. Baba akisahau maneno anasahihishwa mbele ya wageni. Mazoezi yamekuwa marefu mara mbili kwa ajili ya ugomvi, na muziki haujabadilika hata kidogo.

Mwezi uliopita walialikwa mji mwingine. Walipakia ngoma, amplifaya na mwalimu wa kwaya kwenye pikapu ya baba, ambayo, kama gari la fundi yeyote, ndiyo mbovu kuliko zote zinazoingia gereji. Haikuwaka. Baba akasema ni betri. Mjomba akainamisha sikio kwenye boneti, akasema anasikia wazi kwamba ni stata. Wakabishana. Kinyozi hakubishana, alikwenda nyuma akaanza kusukuma, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana mzee kuliko kinyozi, nao wakaenda wakasukuma. Mama akashika usukani.

Pikapu ikakohoa, ikatoa wingu jeusi, ikawaka. Mama hakusimama kuwapakia, maana alijua akisimama itazimika. Alikata kona kuelekea barabara kuu, mwalimu wa kwaya akiwa amekumbatia ngoma kubwa kule nyuma, na Ekzosi wote watatu wakimkimbilia katikati ya moshi, mmoja ameshika kiuno, mmoja ameshika kofia, na mjomba nyuma yao akipiga kelele kwamba hiyo si betri.